Papa Aliyetaka Kukimbia: Gregori Mkuu na Sifa za Kiongozi wa Kanisa



Wiki mbili zilizopita niliketi kumwandikia Askofu barua. Sisi mafrateri tukishamaliza falsafa na mwaka wa kichungaji, tunaomba kwa maandishi kuendelea na teolojia, na humo unaeleza, pamoja na mengine, kwa nini unajiona unafaa kwa utumishi wa upadre. Niliandika haraka sana. Ndani ya dakika kumi nilikuwa na nusu ukurasa: mvumilivu, msikivu, mpenda sala, mwenye uwezo wa kuongoza vijana. Nilipoisoma nikaona huyu mtu ninayemweleza ni mzuri kweli, hata mimi ningependa kukutana naye siku moja.

Hapo nikamkumbuka mtu aliyepewa uongozi mkubwa kuliko wote katika Kanisa, naye badala ya kutaja sifa zake akaandika barua ya kuomba asipewe. Basi nikaiweka yangu kando, nikarudi kwa Mtakatifu Gregori Mkuu. Wengi tunalijua jina kwa sababu ya nyimbo za Kigregori (wanakwaya mtanisamehe, nyimbo hizo kwa sehemu kubwa zilipata sura yake baada ya yeye kufa) au kwa sababu ya Misa 30 za marehemu. Maisha yake wengi hatuyajui.

Alizaliwa Roma mnamo 540, wakati ambapo Roma ilikuwa imebaki jina kubwa kuliko mji. Vita kati ya Wagoti na majeshi ya Kaisari wa Konstantinopoli viliuchosha kabisa: ukazingirwa, ukatekwa, ukakombolewa, ukatekwa tena. Tauni nayo ikapita. Mwaka 568 wakaingia Walombardi kutoka kaskazini. Gregori alikulia katikati ya hayo yote, lakini ndani ya nyumba ya watu wenye mali, kwenye kilima cha Celio. Mama yake, Silvia, tunamheshimu kama mtakatifu, na katika ukoo wao alikuwamo Papa Felisi III. Shangazi zake watatu waliamua kuishi kitawa nyumbani. Wawili walidumu hadi mwisho, wa tatu akaacha na kuolewa na msimamizi wa mashamba yake. Habari hizo Gregori mwenyewe ndiye aliyezisimulia kanisani, akiwa Papa, mbele ya waamini. Familia nyingi zingezificha.

Alipokuwa na miaka thelathini na kitu alikuwa tayari mkuu wa mji wa Roma, cheo cha serikali. Tungesema maisha yamemnyookea. Baba yake alipofariki, akaacha kazi, akajenga monasteri sita kwenye mashamba ya familia huko Sicilia, na nyumba yao ya Celio akaigeuza kuwa monasteri ya Mtakatifu Andrea. Yeye mwenyewe akaingia humo kama mmonaki wa kawaida. Alifunga kupita kiasi mpaka tumbo likaharibika, na hakupona tena maisha yake yote. Baadaye alipokuwa Papa aliikumbuka miaka ile kama mtu anayeitazama pwani akiwa tayari katikati ya mawimbi.

Wala hakukaa humo muda mrefu. Akapewa ushemasi, na mwaka 579 Papa Pelagio II akamtuma Konstantinopoli awe balozi wake kwa Kaisari. Alikaa huko karibu miaka sita, na Kigiriki hakujifunza. Mimi hapo huwa nashangaa, maana mtu wa akili namna ile kuishi mjini miaka yote hiyo bila kushika lugha ya wenyeji, kuna kitu ndani yake kilikuwa kimegoma. Alikwenda na wamonaki wenzake, wakaishi pamoja kitawa, na jioni akawa anawafafanulia kitabu cha Ayubu. Mwili ulikuwa ikulu, moyo ulikuwa Celio.

Alirudi Roma, akaingia tena monasteri. Halafu ukaja mwaka 589. Mwishoni mwa mwaka ule mto Tiber ulifurika, ukavunja nyumba na kuharibu maghala ya nafaka ya Kanisa. Baada ya mafuriko ikaja tauni, na mmoja wa waliokufa, Februari 590, alikuwa Papa Pelagio mwenyewe. Watu wa Roma hawakuwa na muda wa kufikiri sana. Walimtaka Gregori.

Naye hakutaka. Siku zile uchaguzi ulihitaji kibali cha Kaisari, kwa hiyo Gregori akamwandikia Kaisari Maurice, aliyemfahamu tangu Konstantinopoli, akimsihi asitoe kibali hicho. Mkuu wa mji akaikamata barua njiani, akapeleka nyingine ya kueleza jinsi watu wote walivyokubaliana. Hayo tunayapata kwa Gregori wa Tours, aliyeyasikia kutoka kwa shemasi wake aliyekuwapo Roma siku zile.

Sasa hapa tuwe waangalifu. Kukataa cheo peke yake si utakatifu. Tumeona kwenye jumuiya zetu: mtu anaitwa kuwa mwenyekiti, anasema hapana, mimi sifai, huku anasubiri aombwe mara ya tatu. Na kuna anayekataa kwa sababu tu hataki kusumbuliwa. Gregori alijijua kwamba naye yumo katika hatari hiyo ya pili. Alipenda utulivu, na alijua kwamba kupenda utulivu kunaweza kuwa jina zuri la ubinafsi.

Kwa hiyo akiwa bado anasubiri jibu la Kaisari hakukaa chumbani. Tauni ilikuwa inaua. Akawaita watu wafanye toba, akapanga maandamano ya sala katika makundi saba, wakleri, watawa wa kiume, watawa wa kike, watoto, walei, wajane, walioolewa, kila kundi likitoka kanisa lake. Inasimuliwa kwamba ndani ya saa moja watu 80 walianguka na kufa wakiwa katika maandamano yale, na Gregori hakunyamaza kuwahimiza wasiache kusali. Kibali kikafika. Tarehe 3 Septemba 590 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Roma.

Kuna askofu mmoja, Yohane wa Ravenna, aliyemlaumu kwa upole kwa kujaribu kuukwepa mzigo ule. Jibu la Gregori likawa kitabu kizima, Kanuni ya Kichungaji. Nilikisoma kwanza nikiwa mwaka wa pili wa falsafa, nikakiona chepesi. Hakina hoja za kuumiza kichwa. Safari hii kimenikamata shingoni.

Anaanza na jambo la kawaida kabisa: hakuna mtu anayethubutu kujiita tabibu bila kujua dawa, lakini watu wasiojua lolote kuhusu moyo wa binadamu hawaogopi kujitangaza matabibu wa mioyo. Kisha anawatazama wenye tamaa ya uongozi, na hapo ndipo nilipoona barua yangu ikisomwa kwa sauti. Anasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba akili ya mtu anayetaka kuongoza humdanganya mwenyewe. Humwonyesha kazi kubwa na nzuri atakazofanya akishapewa nafasi, na yeye huamini, kumbe anachokipenda ni kile kiti. Akishakaa, yale mawazo mazuri husahaulika. Dawa anayotoa ni chungu: usijipime kwa yale utakayofanya ukiwa mkubwa, jipime kwa yale uliyofanya ukiwa mdogo. Ulipokuwa chini ya wengine uliishije? Ulipopewa kitu kidogo ulikifanyaje?

Lakini hawaachi salama wale wa upande wa pili. Mwenye vipaji vya kusaidia wengine, anayejificha kwa sababu anapenda tafakari na vitabu vyake, huyo anadaiwa. Atahesabiwa kwa watu wote ambao angewafaa kama angetoka nje. Nadhani hapo Gregori alikuwa anajiandikia mwenyewe.

Sehemu kubwa ya kitabu, ile ya tatu, inahusu kuzungumza na watu. Anapanga makumi ya jozi: matajiri na maskini, wenye furaha na wenye huzuni, wepesi wa hasira na wapole, wenye afya na wagonjwa, na anaonyesha kwamba neno linalomponya mmoja laweza kumjeruhi mwingine. Ana mfano mmoja naupenda: mluzi ule ule wa taratibu unaomtuliza farasi humchangamsha mtoto wa mbwa. Mchungaji asiyewajua watu wake mmoja mmoja, hata akiwa na mahubiri mazuri, anapiga mluzi tu.

Ukitaka kujua kama aliyaishi aliyoyaandika, soma barua zake. Zimebaki zaidi ya 800. Nyingi hazina teolojia ya juu. Zina ngano, mipaka ya mashamba, madeni na ugomvi wa maaskofu. Kanisa la Roma lilikuwa na mashamba makubwa Sicilia, na msimamizi wake alikuwa shemasi mdogo aitwaye Petro. Gregori alimwagiza aondoe vipimo vilivyozidi kiasi, ambavyo vilitumika kuwapunja wakulima wakati wa kukusanya nafaka. Aligundua pia kwamba wakulima walidaiwa kodi kabla hawajauza mazao, wakawa wanakimbilia kwa wakopeshaji wenye riba kubwa. Akaagiza wakopeshwe fedha ya Kanisa walipe kidogo kidogo. Katika barua mojawapo anamtania Petro huyo kwa kumletea farasi mmoja mbovu na punda watano wazuri: farasi hawezi kumpanda kwa kuwa ni mbovu, na punda, ingawa ni wazuri, hawezi kuwapanda kwa kuwa ni punda. Papa mwenye jongo, katikati ya vita, bado ana nafasi ya kucheka.

Nafaka ile ilikwenda wapi? Roma ilikuwa imejaa wakimbizi. Gregori alikuwa na daftari lenye majina ya maskini na kile kila mmoja anachopewa. Kila mwezi waligawiwa nafaka, divai, jibini, mboga, samaki, kadiri ya msimu. Watawa wa kike 3,000 waliishi kwa msaada huo, na aliamini kwamba ni sala zao zilizoufanya mji usianguke. Shemasi Yohane, aliyeandika maisha ya Gregori katika karne ya 9, anasimulia kwamba siku moja maskini mmoja alikutwa amekufa katika kona ya mji. Gregori aliacha kuadhimisha Misa kwa siku kadhaa, akajiona kama yeye ndiye aliyemuua kwa mikono yake.

Naomba nisimame kidogo hapa.

Katika mwaka wangu wa kichungaji, jioni moja mama mmoja alifika nyumba ya mapadre kueleza kwamba jirani yake anaumwa sana na anaomba mtu akasali naye. Paroko alikuwa kigangoni. Mimi nilikuwa nimezama katika kitabu, na kilikuwa kizuri. Nikamwambia mama kwamba Baba hayupo, arudi kesho asubuhi. Sikumpigia Baba simu. Sikutoka hata kwenda kusali rozari na yule mgonjwa, kitu ambacho hakihitaji daraja lolote. Alfajiri tulipata taarifa ya msiba. Hakuna aliyenilaumu, mama yule hata leo ananisalimia vizuri. Lakini kwenye barua kwa Askofu niliandika msikivu, na nilipofika kwenye habari ya yule maskini wa kona ya Roma nikalifuta neno lile.

Tuendelee. Mwaka 593 mfalme Agilulf wa Walombardi alifika hadi kwenye kuta za Roma. Gregori alikuwa anahubiri mfululizo juu ya nabii Ezekieli, akalazimika kuacha. Aliona kwa macho yake Waroma wakiburutwa na kamba shingoni kama mbwa, kupelekwa kuuzwa utumwani Ufaransa. Jeshi la Kaisari halikuja. Ikabidi Papa awalipe askari waliobaki, awakomboe mateka, azungumze na adui mwenyewe. Inasemekana Agilulf aliondoka baada ya kulipwa dhahabu nyingi. Kwa juhudi hizo za amani Kaisari alimwona mjinga anayedanganywa na Walombardi. Gregori alijibu kwa heshima, lakini alionyesha wazi kwamba imemuuma. Mapatano ya amani yalipatikana mwaka 598, baada ya miaka mingi ya barua.

Katikati ya hayo ndipo alipowatuma wamonaki wa monasteri yake ya Celio, wakiongozwa na Agostino, kwenda kuwainjilisha Waangli huko Uingereza, mwaka 596. Njiani waliogopa, wakamrudisha Agostino aombe wasiendelee. Gregori, mtu aliyewahi kuomba asipewe kazi, aliwatia moyo na kuwatuma tena.

Na maaskofu wenzake! Januario wa Cagliari, mzee mwenye mvi, siku ya Jumapili kabla ya Misa alikwenda kulima shamba la jirani lenye mazao, na baada ya Misa akarudi kung'oa alama za mpaka. Gregori alizihurumia mvi zake, lakini hakunyamaza. Washauri wa askofu waliotajwa katika jambo hilo aliwatenga na ushirika kwa miezi miwili. Askofu wa Palermo alipowanyang'anya Wayahudi masinagogi yao, Gregori aliamuru walipwe thamani yake. Na Patriarki wa Konstantinopoli alipojiita wa ulimwengu wote, Gregori alipinga kwa nguvu, kisha Patriarki wa Alexandria alipompa yeye cheo kama hicho akakikataa pia. Yeye alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu.

Nisiwafichie upande mwingine. Alipokuwa abati, mmonaki mmoja mganga, Justo, akiwa mahututi alikutwa na sarafu tatu za dhahabu alizoficha. Gregori aliamuru asitembelewe na ndugu, na alipokufa azikwe kwenye samadi pamoja na sarafu zake. Ukali wa kutisha. Baada ya siku 30 moyo ukamlegea, akaagiza Misa itolewe kila siku kwa siku 30 kwa ajili yake, na ndiyo asili ya zile Misa 30 tunazoombea marehemu wetu. Huruma ile ilikuja ikiwa imechelewa, na Gregori mwenyewe ndiye aliyeisimulia.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 602 afisa wa jeshi, Phocas, alimpindua Kaisari Maurice; watoto watano wa Kaisari waliuawa mbele ya macho yake, kisha naye akauawa. Maurice na Gregori walikuwa wamegombana mara nyingi. Gregori akamwandikia Phocas barua ya pongezi, yenye furaha kubwa mno. Wapo wanaomtetea kwamba hakujua yote, au kwamba alikuwa anawalinda watu wa Roma. Mimi nimejaribu kumtetea, nimeshindwa. Mtu aliyeandika vizuri kuliko wengi kuhusu jinsi mamlaka yanavyoupotosha moyo, mbele ya mamlaka kalamu yake iliteleza.

Labda hakushangaa. Sehemu ya nne ya Kanuni ya Kichungaji ina sura moja tu, fupi, na inahusu kiongozi kurudi ndani yake mwenyewe baada ya kufanya yote vizuri, akayatazame mapungufu yake. Anamalizia kwa kujifananisha na mchoraji mwenye sura mbaya aliyechora mtu mzuri. Anakiri kwamba anawaelekeza wengine pwani huku yeye mwenyewe bado anapigwa na mawimbi, na anamwomba Yohane ubao wa sala ajishikilie asizame.

Miaka ya mwisho alikuwa mtu wa kitandani. Jongo na tumbo vilimtesa hata sikukuu aliweza kuamka kwa shida, lakini barua ziliendelea kutoka. Alifariki tarehe 12 Machi 604. Kanisa linamkumbuka tarehe 3 Septemba, siku alipowekwa wakfu kwa kazi aliyoomba asipewe.

Barua yangu kwa Askofu inatakiwa mwisho wa mwezi. Ile nusu ukurasa ya sifa nimeichana. Nimeandika kwamba naomba kuendelea, nimeeleza pia habari ya ile jioni, na sijui Baba Askofu ataipokeaje. Mniombee.